Pamba Sikioni

Asubuhi ile karakana ya magodoro ilikuwa shwari. Fundi alishona huku akipiga mluzi, na binti yake alikaa juu ya robota la pamba akila mkate. Shangazi mtu, aliyepita kuwajulia hali, alimkumbatia mtoto, mara akageuza uso. Sikio la mtoto lilinuka kama mtaro wa machinjioni.

"Kaka, mtoto ananuka hivi nawe unapiga mluzi?"

"Usaha tu huo, dada. Wateja walianza kuziba pua, nikamwekea pamba. Akikua utakauka wenyewe."

Shangazi akaichomoa. Ilikuwa pamba chafu ya kujazia magodoro, imeokotwa sakafuni, nayo ilitoka na uteute wa kijani ulionata vidoleni. Lakini kilichomchefua zaidi ni kaka yake, aliyekwisha viringa kipande kingine na kukishindilia mumo humo, maana mteja alikuwa anaingia. Jamani, huyo ndiye baba!

"Nitampeleka hospitali mwenyewe."

"Umeanza kimbelembele chako! Mtoto ni wako?"

Shangazi akanywea, akaenda zake.

Wiki haikuisha. Homa ilimpanda mtoto, shingo ikakakamaa, akawa anatapika na kuweweseka. Safari hii shangazi hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba mgongoni, baba akifuata nyuma.

Baadaye daktari aliwaeleza. "Ugonjwa umepenya mfupa wa sikio, bakteria wakafika kwenye utando unaofunika ubongo. Mwili unapambana nao, na mapambano hayo ndiyo yanayouvimbisha ubongo. Hata wakifa, mabaki yao yanaendelea kuuchokoza mwili. Ndiyo maana pamoja na dawa ya kuwaua tumempa ya kutuliza uvimbe. Ila mmechelewa sana."

"Mimi nilimwekea pamba," Fundi akasema, kama anayedai shukrani. Shangazi alitamani kumtemea mate.

Mtoto alipona. Alipoweza kuketi kitandani, baba alimwita kwa jina. Akamwita tena. Akapaza sauti hadi wodi nzima ikageuka kumtazama, isipokuwa binti yake.

FUNZO

Ndugu zangu, sikio linalotoka usaha ni ugonjwa wa kutibiwa, si uchafu wa kufichwa; ukifika kwenye utando wa ubongo, huweza kuua usikivu wa masikio yote mawili. Mtoto akipata homa na shingo kukakamaa, kimbilieni hospitali papo hapo. Na wewe shangazi, wewe jirani, ukinusa uozo kama ule, usinywee. Heri uitwe kimbelembele, mtoto abaki na masikio yake.