Mwenye Sauti ya Ngusa

Jambo la kwanza lilikuwa kikohozi. Scola alikuwa jikoni anachambua mchele, jua la mchana limesimama juu ya bati jipya, akasikia mumewe akikohoa chumbani kwa kile kikohozi chake cha kuita: kikavu, cha mara moja, cha mtu asiyetaka kupoteza neno kwa mkewe. Akajifuta mikono, akaenda. Chumba kilikuwa kitupu. Kulikuwa na harufu ya matope ya ziwani, yale ya chini kabisa yasiyoonwa na jua, na kwenye saruji palikuwa na unyevu wa ukubwa wa sinia. Alipochungulia dirishani akamwona mumewe, Ngusa, kule ufukweni, amefunga mikono nyuma, anawakagua wavuvi kama mtu aliyeajiriwa kuwadharau.

Na kama dharau ingekuwa kazi, Ngusa angekuwa mkurugenzi. Miaka yote aliyokaa Mpanda, ofisa ugavi katika ofisi moja ya serikali, hakuna aliyemtosha. Majirani zake wa Misunkumilo aliwaita washamba. Watu wa Katumba, ambao mahindi yao ndiyo yaliyokuwa yakimjaza tumbo, aliwaita wakimbizi huku akiomba aongezewe ugali. Ndugu zake wenyewe waliohamia na ng'ombe kutoka Usukumani, wakija kumsalimia, aliwakalisha nje ati wananuka zizi. Miaka ya tisini serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, jina lake likawa katika yale ya mwanzo kabisa. Aliyeshangaa ni yeye peke yake.

Basi akatangaza kwamba amechoka na vumbi. Umri ulikuwa umeshavuka hamsini, mvi zimemkalia masikioni, tumbo limetangulia mbele, lakini alisema maisha yanaanza sasa, na yanaanzia Kapalamsenga, kwenye hewa ya Ziwa Tanganyika. Mkewe hakuulizwa. Bahati ni kwamba Scola alipoliona ziwa lile kutoka juu ya lori alinyamaza kwa furaha, na mumewe akadhani amenuna.

Wenyeji walimwonyesha viwanja vizuri karibu na kijiji. Alivikataa vyote. Alichotaka ni ile rasi ndogo yenye mawe meusi, ambako hapakuwa na nyumba hata moja.

"Pale pana wenyewe, baba," Esteria, mjane aliyeishi karibu na hapo, alimwambia kwa adabu. "Sisi tukipita tunaweka unga kidogo, tunaomba njia."

"Wenyewe?" Ngusa alicheka. "Waje na hati yao tuilinganishe na yangu."

Akaliwashia moto jiwe kubwa kuliko yote, akalimwagia maji likapasuka, akawaagiza vibarua walipige nyundo. Vipande vyake ndivyo vilivyokuwa msingi wa sebule.

Scola, kwa upande wake, alianza maisha kweli. Alijifunza kwa Esteria kuanika dagaa, kuwageuza kabla jua halijawakausha kupita kiasi, kuitambua mvua kwa harufu kabla haijavuka ziwa. Wanawake wale wawili walikaa mchangani wakicheka kama wasichana. Katika maisha yake yote ya ndoa Scola hakuwahi kuwa na rafiki, maana kila aliyekuja nyumbani alitafutiwa kasoro mpaka akaacha kuja.

Kisha siku moja Esteria akaja pale mchangani akiwa amekaza uso, wala hakukaa.

"Mama Kabula, nimepita kwako kukuletea chumvi. Mume wako kanijibu dirishani. Kaniambia ziwa lilimchukua mwanangu kwa sababu lilimwonea huruma kuwa na mama kama mimi."

"Esteria, Baba Kabula yuko Mpanda. Kaondoka na lori la juzi."

"Sauti yake siijui? Kijiji kizima tunaijua."

Scola akafungua mdomo aape kwamba mumewe hawezi kusema maneno kama yale. Akaufunga. Angeapaje? Maneno yalikuwa yake kabisa.

Ukweli aliujua siku ya mvua kubwa. Walikuwa mezani mchana, yeye na mumewe, ugali na mgebuka wa kuchoma, mvua inapiga bati. Ngusa alikuwa na tonge mdomoni. Ndipo sauti ya Ngusa ikatoka chumbani, wazi, bila haraka: "Samaki kaungua. Mwanamke miaka yote hii, na bado hajui moto ni nini."

Scola alimtazama mumewe. Mashavu yake yalikuwa yamejaa ugali. Macho yake yalikuwa yameelekea mlango wa chumbani.

"Umesikia?" mke alinong'ona.

Ngusa alimeza. Halafu, na hili ndilo Scola hakulisahau, akatabasamu. "Kumbe kijiji hiki kina mtu mmoja mwenye akili."

Akaanza kuishi na ile sauti kama mtu aliyepata mpangaji wa hadhi yake. Alikaa sebuleni mchana kutwa, na kila mvuvi aliyepita, sauti ilimchambua kutoka ukutani: huyu anatembea kama bata, yule anafanana na wavu wake, umechanika na unanuka. Ngusa alicheka mpaka machozi. Scola alianza kulala jikoni. Sakafu haikukauka tena. Akiifuta asubuhi, adhuhuri maji yanachuruzika upya kutoka kwenye viungo vya msingi, mazito, ya baridi, na ile harufu ya matope ikawa inaingia kwenye nguo, kwenye unga, kwenye nywele zake.

Watu walipoacha kupita kabisa, sauti ikabaki haina wa kumsema. Ikamgeukia mwenye nyumba.

Ilianza kwa upole. Ilimwambia tumbo lake linamfanya aonekane kama mwanamke aliyekaribia kujifungua. Ikamwambia ofisini walimwita Mzee Mkia, na kwamba siku aliyoondoka walileta soda wakasherehekea. Akafoka inyamaze, nayo ikafoka vilevile, kwa sauti ileile, kwamba yeye ni nani wa kumnyamazisha mtu. Akaziba masikio kwa pamba, akaisikia ndani ya pamba. Akatoka akatembea ufukweni, ikatembea naye kwenye mchanga uliolowa, ikimhesabia kila aliyemchukia na kumweleza, kwa utulivu wa mtu anayesoma taarifa ya habari, kwamba wala hawamchukii, wamemsahau, kwamba hata binti yake Kabula, aliyeolewa Tabora, akiulizwa habari za baba yake husema mzee yupo tu, kisha hubadilisha mazungumzo. Na aliporudi amechoka, viatu vimejaa maji, alikuta kiti chake kimelowa, kina joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

"Scola," alinong'ona mlangoni mwa jikoni. "Inanijua."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita mkewe kwa jina.

Scola ndiye aliyekwenda kumtafuta mganga. Nyanzala, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kaniki, alifika asubuhi akiwa amepakiwa kwenye baiskeli, anatafuna muwa. Aliizunguka nyumba mara moja, akatema makapi.

"Nani kakuchorea ramani? Imekaa kama choo cha shule."

Kijiji kizima kilikuja kuangalia, kikasimama mbali kidogo, Esteria akiwa mbele. Nyanzala alimwaga unga wa mtama kizingitini, akachoma majani yake. Moshi uliingia mlangoni, halafu ukarudi nje polepole, kama unaosukumwa na mkono. Maji yakaanza kutoka chini ya mlango.

"Mama, nenda kauze nyanya," sauti ya Ngusa ilisema ndani, huku Ngusa mwenyewe amekaa nje juu ya kinu.

"Nitakwenda," Nyanzala alisema. "Wewe unataka nini?"

Ilipoongea tena ilikuwa bado sauti ya Ngusa, lakini ya chini mno, na mawe ya msingi yalitetemeka nayo. "Nilikuwa nimelala. Amenivunja mgongo atengeneze sebule. Aniombe radhi kwa mdomo wake, hawa watu wasikie. Nitarudi majini."

"Basi?"

"Basi."

Watu wote wakamgeukia Ngusa. Scola akapiga magoti mchangani, akamshika mkono. "Baba Kabula, sema tu. Neno moja. Tuishi."

Ngusa aliwatazama: wavuvi pekupeku, wanawake wenye magamba ya samaki mikononi, mganga na muwa wake. Ule uso uliokuwa umesinyaa kwa hofu ukajaa upya.

"Mimi niombe radhi jiwe? Mbele ya hawa?"

Akachukua fimbo yake, akauruka unga, akaingia, akafunga mlango.

Walichosikia ni Ngusa akimtukana Ngusa. Mwanzoni mtu aliweza kuwatofautisha, mmoja anahema na mwingine hahemi, lakini matusi yalizidi kukimbizana, hili likimeza lile kabla halijaisha, na maji yakigonga kuta ndani kana kwamba ziwa limehamia sebuleni, na fimbo ikipiga kitu kisichotoa mlio wa kitu kigumu, mpaka hakuna aliyeweza kusema yupi ni yupi, wala Scola, aliyelala ubavuni mwa mojawapo ya sauti zile tangu ujana wake. Halafu ikabaki moja.

Mlango ukafunguka. Ngusa alitoka amelowa hadi kifuani, matope meusi yanamtoka kinywani. Alikuwa anafoka. Midomo yake ilikwenda, mishipa ya shingo ilisimama, kidole kikawanyooshea watu wote. Hakuna kilichosikika. Nyuma yake, ndani ya nyumba, ile sauti ilikuwa inaendelea kuongea.

Nyanzala akafunga mzigo wake. "Mapepo nayafukuza," alimwambia Scola. "Huyu alikuwa ameshafungua mlango atoke. Mume wako kamrudisha."

Malale, mdogo wake Ngusa, mmoja wa wale waliokuwa wakikalishwa nje, ndiye aliyekuja na lori kumchukua. Alimpandisha kwa heshima zote.

"Shemeji, nawe twende."

"Mimi nimeshahamia huku," Scola alisema.

Esteria alimpa chumba. Walipoanika dagaa pamoja hawakuzungumza sana mwanzoni, baadaye walizungumza. Nyumba ya rasi ilibomolewa kiangazi. Wanaume walishusha bati, wakaangusha kuta, wakagawana matofali, na siku ya mwisho, uwanja ukiwa mtupu, jua la mchana linawaka, hakuna ukuta wala mlango, sauti ya Ngusa ilikuwa bado pale katikati ya mawe, inawaambia wanavyobeba matofali kama punda wagonjwa. Wanaume waliyaacha, wakakimbia.

Scola hakukimbia. Kitu kilipanda kifuani mwake, cha moto, cha miaka mingi.

"Nyamaza!" alisema.

Ikanyamaza. Ziwa lilisikika, likipiga mawe taratibu. Alisimama pale, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajiona mtu mkubwa, mkubwa kuliko wote, hata wale wanaume waliokimbia kama kuku, wajinga wale.

Akageuka kuondoka. Nyuma ya sikio lake, karibu sana, kwenye harufu ya matope, sauti ya mwanamke ikasema:

"Nyamaza."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Kule mbele Esteria alikuwa anamkimbilia, ameshika khanga yake kifuani. "Mama Kabula! Imesemaje?"

Scola alifungua mdomo amjibu, na neno la kwanza lililomjia ulimini lilikuwa la dharau. Kisha akaufunga, akaubana kwa mikono miwili.