Ngollo Hajambo

Kila Jumamosi, Advera akishaosha vyombo na kufagia uwanja, alikimbilia sebuleni kwao, mtaa wa Chemchem, akawasha runinga na kukaa mkekani. Kushoto kwake aliacha nafasi. Nafasi ile ilikuwa ya kaka yake Renatus, aliyekwenda kusoma chuo cha ufundi Dodoma. Tangu aondoke, hakuna aliyekaa pale isipokuwa paka.

Mashine yao ya gemu ilikuwa kuukuu. Renatus alipewa na fundi mmoja wa mjini baada ya kumsaidia kazi likizo nzima, akaileta nyumbani akitamba kwamba sasa watacheza mpira wa miguu mpaka wachoke. Walipoiwasha, wakakuta diski iliyomo ndani ni ya besiboli! Watoto wa mtaa ule walicheka hadi mbavu zikawauma.

"Huo ni mchezo wa marungu," Fikiri wa nyumba ya jirani aliwaambia. "Mtaumizana bure."

Lakini ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Waliucheza hivyo hivyo, na wakaupenda. Waliotengeneza gemu ile walikuwa na ruhusa ya ligi yenyewe, kwa hiyo timu zilikuwa za kweli, jezi za kweli, na wachezaji wa kweli wenye majina ya kuuma ulimi. Ungeweza kucheza mechi moja ya kirafiki, au kuongoza timu msimu mzima ukisajili na kuuza wachezaji, au kushindana tu kuupiga mpira nje ya uwanja. Wao walipenda namna nyingine kabisa: unamtengeneza mchezaji wako mwenyewe, unaanza naye ligi ndogo, unamkuza mpaka afike ligi kuu. Wa kwao walimwita Ngollo, jina la babu yao. Mnyamwezi mmoja tu katikati ya watu wote wale!

Renatus ndiye aliyemfundisha mdogo wake sheria. "Ni kama msafara wa wapagazi wa zamani," alimwambia. "Ukishapiga mpira unakimbia, unapita kituo hiki na kile. Lakini hata ukimbie vipi, huhesabiwi mpaka urudi nyumbani ulikoanzia."

Asubuhi ya kuondoka alimshika bega. "Ngollo amebakiza mechi moja aingie ligi kuu. Usiicheze. Nikirudi tutaicheza wote."

Advera alitii. Alicheza mechi za kirafiki tu. Ila kila Jumamosi alimfungua Ngollo, akamtazama, kisha akamfunga. Hamu ya kaka yake ilikuwa kubwa, na nyumba aliiona imepwaya. Hata mluzi wa treni ukisikika kutoka stesheni, alisimama kusikiliza, ingawa alijua fika kwamba likizo bado.

Jumamosi moja hamu ilimzidi. Alimwona Ngollo yuko mpweke mle ndani, sawa na yeye mwenyewe. Akaamua kumtengenezea mdogo wake, aitwaye Advera. Alipotaka kumhifadhi, mashine ikamuuliza kwa Kiingereza: Overwrite? Advera alilikata neno vipande viwili. Kimoja ni juu, kingine ni andika. Andika juu! Si ndivyo mwalimu alivyosema kila mtihani, "Andika jina lako juu"? Basi jina lake litakaa juu ya la Ngollo, wawe wawili. Akabonyeza ndiyo.

Kumbe neno lile maana yake ni kuandika kipya kwa kufuta cha zamani. Ngollo akafutika. Advera alizima mashine, akawasha, akazima tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni ile Renatus alipiga simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ngollo hajambo?"

Advera alijibu haraka, "Hajambo."

Ikawa ndiyo salamu yao. Kila akipiga simu aliuliza, na kila akiulizwa Advera alijibu vile vile. Siku moja Renatus alisema kwa sauti ya uchovu, "Huku kugumu, mdogo wangu. Nikizidiwa na masomo namkumbuka Ngollo, nasema ipo siku nitarudi tumalizie." Maneno yale yalimchoma Advera kuliko kiboko.

Akaona dawa ni kumkuza haraka mchezaji wake mpya. Akishamfikisha pale alipokuwa Ngollo, atambadilisha jina, na kaka hatatambua kitu. Akaanza kucheza kila akitoka shule. Kazi za shule zikalala, na mchezaji naye akawa hapandi, kila rungu analozungusha linakata upepo.

"Advera! Maharage yanaungua! Pua yako umemwazima nani?" Ilikuwa sauti ya mama yake, Consolatha. Aliingia sebuleni na mwiko mkononi, akamkuta binti yake analia mbele ya runinga. Advera akaeleza yote.

Mama alikaa kitako. "Kumfuta Ngollo ulikosea tu, neno lilikupotosha," alisema. "Na zile 'hajambo', nazo ulikosea?"

Advera alizima runinga.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Kaka yako yuko karibu kuja. Utamwambia wewe. Mimi sitakusemea."

Siku ya treni, Advera na mama yake walikwenda stesheni. Renatus aliteremka amekonda, begi mgongoni, anacheka toka mbali. Hata shikamoo hakuisubiri.

"Ngollo hajambo?"

Advera aliliona lile jibu la siku zote limekaa tayari ulimini. Akalimeza. "Ngollo hayupo, kaka. Nilimfuta bila kujua, nikidhani naandika jina langu juu ya lake. Halafu nikawa nakudanganya kwa kujua."

Renatus alitua begi. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililouma. Walitembea mpaka nyumbani. Alipofika alimsogeza paka, akakaa kwenye nafasi yake, akawasha mashine. Mchezaji Advera akatokea, yuko mkiani mwa ligi ndogo.

"Huyu ndiye uliyemwandika juu?" Renatus alicheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa na maji. "Haya. Mpe na jina la ukoo, Advera Ngollo. Tuanze naye mwanzo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Nyinyi husema asiyerudi nyumbani hahesabiwi," alisema. "Mtu akikosea ni kama ametoka nyumbani. Uongo humzungusha vituo vyote, achoke bure. Ni ukweli tu unaomrudisha. Leo, Advera, umerudi."

Walicheza mpaka mama alipowaita kula.

"Likizo haitatosha kumfikisha ligi kuu," Advera alisema kwa unyonge.

"Haitatosha," Renatus alikubali. "Nikiondoka, mchezeshe wewe. Ila nikipiga simu kumjulia hali, siku ambayo anaumwa, uniambie anaumwa."