Picha Saba za Kupamba

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Bi Mardhiya, jirani yetu wa ukuta mmoja pale Mkomani, aliosha vyombo vya chai, akafuta meza, akafungua laptop. Ana miaka arobaini na sita. Kusoma kajifunza juzi tu, kwenye darasa la watu wazima la Mwalimu Emily, mwanamke wa bara. Kusafisha picha kafundishwa na huyo huyo. Hatua zote kaziandika daftarini kwa mkono wake, na kila akizifuata huzisoma kwa sauti, hata akiwa peke yake.

Jana yake alipiga picha kwenye kupamba kwa Ruwaida. Kupamba, pale bibi harusi anapokaa atazamwe, ni shughuli ya wanawake peke yao. Simu hukusanywa mlangoni, na kamera iliyoruhusiwa kuingia ilikuwa yake tu. Mama wa bibi harusi, Bi Ghada, hakushuka. Yuko ghorofani kitandani, miezi miwili sasa, miguu haimbebi. Leo saa nane boti ilikuwa imchukue kwenda kupasuliwa, na daktari hakuficha kwamba huenda asirudi. Alitaka kitu kimoja, amuone mwanawe alivyokaa amepambwa. Bi Mardhiya alimuahidi picha saba, safi, zimechapishwa, kabla ya boti.

Ilikuwa saa tatu. Muda upo, akajiambia.

Picha ya kwanza ilikaa upande. Akainyoosha, akaikata pembeni, akaongeza mwanga. Mwanga ulipopanda ndipo alipomuona. Nyuma kabisa, kando ya pazia la maua ya asumini yaliyomwagika hadi sakafuni, mwanamke kakaa chini, kajifunika kanga kuukuu mpaka usoni.

Hakukumbuka kumuona pale. Mawazo yakamwendea Bi Rumaisa wa nyumba ya nyuma, aliyefiwa na mumewe mwezi uliopita. Mwenye eda, harusini? Picha zikizunguka watu watamsema mpaka achoke na dunia. Hakutaka kuuliza, maana kuuliza ni kumvua nguo mwenzako. Akaona amsitiri kimyakimya. Akashika kile kifutio kinachochukua kipande cha pazia na kukipachika juu ya usichokitaka. Mwanamke akapotea.

Kisha laptop ikamgomea. Nafasi imejaa, ikaandika, na akaisoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa hasira. Mwalimu Emily alimkanya kila siku kwamba picha ya asili haiguswi, kazi ifanyiwe kopi. Sasa kopi haikubali, na kadi ya kamera alishaifuta alfajiri. Akasonya. Akahifadhi juu ya ile ile.

Picha ya pili. Mwanamke yuko pale pale na kanga yake, lakini kaacha pazia. Kasogea mbele.

Bi Mardhiya akamfuta. Pale kooni tu alipafuta mara tatu, palikuwa pakirudi kama doa la mafuta. Alipomaliza, simu ikalia. Ni Ruwaida, anauliza picha zimefika wapi. Akasema pia kwamba mamake tangu punde anafungua mdomo na sauti haitoki.

Ya tatu, mwanamke kakaa miguuni pa bibi harusi, akamfuta. Ya nne, kanyoosha mkono wa kulia kuelekea magoti ya bibi harusi. Bi Mardhiya alikuwa ameshakasirika hata kuogopa kasahau. Kazi ya nusu saa imemlia saa tatu nzima. Laptop inakwama, inawaka moto, na huyu mtu asiyeitwa anazidi kujisogeza. Akaanza na mkono. Akaufuta kidole kwa kidole.

Simu tena. Ruwaida safari hii alinong'ona.

"Mkono wa mama umelegea. Ule wa kulia. Lete hizo picha, ndoo upesi, Bi Mardhiya, wamtoa mapema."

Ya tano akamfuta. Ya sita akamfuta.

Akafungua ya saba.

Kanga ilikuwa imeteremka mabegani. Mwanamke kakaa ubavuni mwa bibi harusi, shavu kwa shavu, macho yanaitazama kamera. Sio Bi Rumaisa.

Ni Bi Ghada.

Bi Mardhiya akabonyeza kurudisha. Haikurudi. Akafungua ya nne, pazia tupu. Akafungua ya pili, pazia tupu. Alisoma kila kitufe kilichoandikwa pale, yeye aliyekuwa akijivunia kuvisoma, na hakuna hata kimoja kilichosema anachokitaka. Ya saba hakuigusa. Hakuinyoosha, hakuiongeza mwanga. Akaichapisha vile vile, ya giza na ya upande, akatoka mbio bila kufunga mlango.

Alikuta wanaume wa nyumba wanapandisha machela. Juu, kitandani, Bi Ghada kalala, mdomo wazi, mkono wa kulia umelala kama si wake. Bi Mardhiya akamshikia picha mbele ya macho. Bi Ghada aliitazama kwa muda mrefu. Midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Machozi yakashuka mpaka masikioni, na akatabasamu.

Ruwaida aliinama kuiona.

"Picha hii ya mama umeipiga wapi?"

Bi Mardhiya akamuonyesha kwa kidole pazia la maua nyuma yao.

"Hakushuka," Ruwaida akanong'ona. "Mimi mwenyewe nilimfungia mlango, ufunguo nilikuwa nao."

Wanaume wakamlaza kwenye machela, wakamnyanyua. Ngazi za nyumba zile ni nyembamba, machela ikainama, na shuka likateleza miguuni.

Wote waliona. Miguu ile ilikuwa haijagusa sakafu miezi miwili. Nyayo zilikuwa zimegandwa na asumini zilizokanyagwa, tele, mpaka katikati ya vidole.

Zilikuwa bado mbichi.