Kijazio cha Bi. Mwanaheri

Bi. Mwanaheri alishona kofia nzima bila uzi. Siku tatu alikaa akichoma sindano, akiona hariri ya kahawia ikipita kitambaani, ua baada ya ua, na mteja alipokuja kuchukua mali yake akakabidhiwa nguo nyeupe yenye matundu matupu. Mteja alicheka mpaka akakaa chini. Bi. Mwanaheri hakucheka, maana hata alipoishika ile kofia mkononi, maua bado aliyaona.

Huo ndio uhodari wa Kijazio. Katika Tanga ya miaka hiyo kila mtu alipandikizwa nyuma ya sikio kidude cha chuma kisichozidi punje ya mtama. Jicho likikosa kitu, Kijazio hukijaza kutoka kwenye kumbukumbu. Watu waliishi katika mji usio na ukungu wala kuta zilizobanduka rangi, na ilikuwa raha, mtu asikudanganye.

Bi. Mwanaheri alipopelekwa hospitali, Dakta Shemsa Kilindo, tabibu wa neva, aliiuliza kompyuta ya hapo, nayo ikajibu kwamba mgonjwa anaona vizuri kabisa. Habari hizo ilizipata kwa Kijazio, na Kijazio hakikuwahi kukiri pengo. Mashine za kupiga picha za mwili kwa sumaku ziliondolewa mjini zamani, kwa kuwa sumaku na chuma kichwani havikai pamoja. Ikabaki skana moja kongwe ya CT, pete kubwa ya eksirei iliyowekwa chuo cha uuguzi kwa ajili ya somo la historia.

"Hii nayo inafanya kazi?" aliuliza Bi. Mwanaheri, akilazwa.

"Inakohoa, bibi, lakini inafanya."

Shemsa alimchoma mshipani dawa ya kung'arisha picha. Pete ikazunguka, ikivuma taratibu, na mchana ule mzito ukaonekana kuzunguka nayo. Kabla ya kutazama picha, Shemsa alizima Kijazio chake mwenyewe, asije akaona anachotaka kuona. Chumba kikachakaa papo hapo. Picha zikaja za kijivu, kipande kwa kipande, na nyuma ya kila jicho akaona mistari miwili myeupe ikiandamana na neva, kama reli.

"Ala, lile ganda linalofunika neva za macho yako, imevimba, bibi. Neva zenyewe bado nzima. Nikikuwekea leo dripu ya kuondoa uvimbe, macho yatarudi."

"Na usiponiwekea?"

"Utapofuka, na Kijazio kitaendelea kukuonyesha dunia. Utaanguka kwenye ngazi unayoiona sawasawa."

Bi. Mwanaheri alionyesha kwa kidole kiti kilichokuwa mbele yake. "Kiti kile unakionaje?"

"Kitupu."

"Mume wangu amekikalia. Mwaka wa pili huu tangu nimzike. Alirudi mwezi wa Rajabu, na kila ninapokaa, naye hukaa mbele yangu. Hasemi. Huitazama tu mikono yangu."

Shemsa alimweleza kwa upole kwamba katikati ya macho yake pana giza, na Kijazio kimelijaza kwa kile ambacho macho hayo yalikitazama zaidi maishani. Giza likiondoka, hapatakuwa na cha kujaza.

"Najua, mwanangu. Sikusoma, lakini hilo nimelielewa. Nipe nafasi kidogo naye."

Shemsa akasubiri ukumbini. Alisikia sauti ya chini ikizungumza kwa kirefu, mara moja ikicheka. Kisha mlango ukafunguka, Bi. Mwanaheri akatoka, mkono wa gauni umeshakunjwa tayari kwa sindano, akatia sahihi karatasi ya kukubali matibabu.

Siku ya tatu ya dripu, akiwa kitandani wodini, alisoma herufi ndogo kabisa kwenye chupa ya dawa, bila Kijazio. Shemsa alifurahi hata akapiga makofi. Mgonjwa wake hakupiga. Alikuwa akikitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele ya kitanda.

"Dakta, alipokufa mara ya kwanza nilikaa eda, miezi minne na siku kumi. Hii ya pili, niliyoitilia sahihi mwenyewe, nayo ina eda?"

Shemsa akakishika kile kiti akikalie, mkono ukasita, akakiacha mahali pake. Akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya kitanda, kama mtu aliyekuja kuhani msiba.