Ukuta Uliosiribwa Kabla ya Harusi

Ulisikia. Usiseme hukusikia. Redio ilitangaza kwamba nchi moja tajiri ya ng'ambo imebadilisha sera yake na kufunga mfuko uliokuwa ukilipia dawa ya mbu na utafiti wake, nawe ukanyoosha mkono ukatafuta stesheni yenye muziki. Sasa tulia, usikie yaliyowafika watu ambao hawakuwa na stesheni nyingine ya kuhamia.

Divine alikuwa darasa la sita, katika kitongoji kimoja cha Kumsenga, wilayani Kibondo. Kila asubuhi alishuka bondeni kuteka maji, akapanda na ndoo kichwani, akafagia uwanja, kisha akaenda kumwamsha mdogo wake Christian. Kabla ya kumwita alimgusa shingo. Alianza tabia hiyo tangu masika ambayo Christian alishikwa na degedege la malaria, akakakamaa mikononi mwa mama yao njiani kuelekea zahanati. Shingo ikiwa baridi, siku ya Divine ilikuwa imeanza vizuri.

Baada ya masika yale walikuja wapuliziaji wa dawa ukoko, mabomba mgongoni, wakanyunyizia kuta za kila nyumba dawa inayoganda na kuua mbu anayetua. Walionya jambo moja tu: kuta zisipakwe kitu chochote. Homa zikapungua. Kisha huko ng'ambo mfuko ukafungwa. Uamuzi ule uliandikwa mezani na mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto mwenye degedege. Dawa iliyobaki ghalani ikawa kidogo, na agizo likashuka: itapulizwa pale tu ambapo kipimo kitaonyesha kwamba bado inaua mbu.

Lakini kabla ya kipimo, Reverien, kaka yake Divine, alioa. Nani huko atawapokea wakwe kwenye nyumba yenye michirizi ya dawa, kana kwamba ng'ombe wamelamba kuta? Wanawake walikuja na udongo mweupe wa bondeni, majivu na kinyesi cha ng'ombe, wakasiriba nyumba ya mama yao, Mama Reverien, mpaka ikang'aa. Na kwa kuwa msafara wa bibi harusi ungepita mbele ya nyumba zao, wakasiriba na zao. Ukuta wa sebuleni Divine aliusiriba peke yake, akasifiwa mno.

Wapimaji walipofika walikuwa wawili: bwana afya wa wilaya, na Dada Uwimana, mtafiti kijana mzaliwa wa Kabanga, upande wa Kasulu. Dada Uwimana alibeba sanduku lililofunikwa taulo lenye unyevu. Ndani mlikuwa na mbu.

"Dada, hao mmewatoa wapi?" aliuliza Leonidasi, jirani aliyesoma darasa moja na Divine.

"Tunawafuga."

"Mnawafuga? Mngesema mapema. Sisi hapa tunao wa kienyeji, tungewapa bure."

Watu wakacheka, na Dada Uwimana naye akacheka. "Wa kwenu hatujui wametoka wapi wala wamezoea nini, Leonidasi. Hawa wangu hawana ugonjwa, na dawa hawajawahi kuiona. Wakifa, tunajua kilichowaua."

Alibandika vikombe vya plastiki kwenye ukuta wa sebuleni, akawaingiza mbu humo. Halafu akauliza kwa upole, "Mama, ukuta huu umeguswa tangu upuliziwe?"

Mama Reverien aliitazama kalamu mkononi mwa bwana afya. "Haujaguswa," akajibu.

Nyumba ya pili, haujaguswa. Ya tatu, vilevile.

Jioni, wakimenya mihogo, Divine hakuweza kuvumilia. "Mama, tumedanganya."

"Mwanangu, mimi nilikulia kambi ya wakimbizi, Mtendeli. Mwenye kalamu akikuuliza, unampa jibu analolitaka, upate chakula chako uende zako. Ukijieleza sana, unaulizwa ulitoka wapi."

"Lakini sisi ni raia, mama."

"Kalamu haijui," alisema mama, akaendelea kumenya.

Kesho yake Dada Uwimana aliwaangalia mbu wake. Wote walikuwa wazima, wakinyonya maji ya sukari kwenye pamba kama wageni wa ubatizo. Bwana afya akawakusanya watu kwenye uwanja wa kanisa la kigango.

"Dawa hapa imeshindwa," alisema. "Hatuwezi kuipoteza. Itapelekwa kwingine."

Divine alimtazama Christian, aliyekuwa akichora mchangani kwa kijiti, shingo imeinama. Akasimama.

"Dawa haijashindwa. Tuliifukia. Tulisiriba kwa ajili ya harusi. Ukuta wa kwetu niliusiriba mimi."

"Kaa chini, utatuponza," alinong'ona Leonidasi.

"Tumeshaponzeka."

Uso wa bwana afya ulibadilika. "Kwa hiyo mlituongopea. Basi yamekwisha. Gari lina mafuta ya kurudi tu, na mradi unafungwa Ijumaa."

"Stoo ya mihogo hatukuisiriba," Divine alisema. Hakukaa. "Wakwe hawaingii stoo. Ukuta wake una dawa mpaka leo. Pimeni pale."

"Mbu wengine ninao," alisema Dada Uwimana.

"Nimesema gari linaondoka," alijibu bwana afya.

Hapo Mama Reverien akainuka. Alitandika kitenge chake mbele ya gari, akaketi.

"Oya," alimwambia bwana afya. "Maisha yangu yote nimewaitikia wenye kalamu ego, ndiyo. Leo nasema oya, hapana. Tumekosa, na tumekiri mbele ya watu. Sasa na wewe, mwanangu, unajua kwamba jibu ulilonalo si la kweli. Ukilipeleka hivyo hivyo, mwongo atakuwa nani?"

Mwanamke mmoja akaja kuketi kando yake, kisha mwingine, mpaka dereva akazima injini. Bwana afya alimgeukia Dada Uwimana ili amsaidie. Dada Uwimana alikuwa ameshabeba sanduku, akimfuata Divine stoo.

Kesho yake Dada Uwimana alirudi peke yake kwa bodaboda. Aliingia stoo, akatoka na kikombe, akampa Divine. Mbu walikuwa chali ndani ya kikombe, miguu juu.

Bwana afya alipeleka majibu mapya, na hilo tumpe haki yake. Kabla ya mvua wapuliziaji wakarudi na dawa iliyobaki ghalani. Kila nyumba ilipuliziwa upya, na Leonidasi, akisaidia kutoa vitanda nje, akamwambia Divine, "Nina udongo mweupe, nikuletee?"

"Lala nao," alijibu Divine.

Usiku ule mama alimketisha karibu yake. "Nilikufundisha vibaya," alisema. "Tulisema uongo kwa woga na kwa heshima ya wakwe, lakini mbu hajali sababu. Mkubwa aliye mbali anaweza kutufungia mfuko bila kutuuliza. Tukificha ukweli, tunampa na kufuli. Ukiulizwa na mwenye kalamu, sema lililopo. Na akiamua vibaya, mwambie oya."

Ila mradi wa kupima kuta ulikuwa umefungwa Ijumaa ile ile aliyoitaja bwana afya. Dada Uwimana alibaki bila kazi, na mbu wake wa kufugwa hawakuwa na wa kuwalisha. Mwaka ujao nani atapima kuta za Kumsenga? Na za kwenu?

Usigeuze shingo tena. Leo, ukitoka shuleni, pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji chenu. Muulize dawa inakuja lini, nani ataipima, na kama haiji, nani ameamua hivyo. Akikwambia wewe ni mtoto, rudi kesho na wenzako wa darasa zima, mketi mlangoni kwake. Msiondoke bila jibu.