Safu ya Vugo

Msiniambie ni upepo. Rafiki yangu Rawda alitoka Mombasa kwenda kumpigia mamake picha za viwanja vya kale vya Kismayu. Kwenye uwanja wa mwisho, uliozungukwa na magofu, mwenye duka alimkataza.

"Usiingie, mwanangu. Hauna mtu tangu vita."

"Hapo ndipo alipoolewa mamangu. Naingia!"

Giza lilikuwa linaingia. Akatoa pembe ya vugo, ambayo wanawake wetu huigonga kwa kijiti harusini wakicheza kwa safu, akaigonga peke yake. Pembe nyingi zikamjibu kutoka magofuni. Rawda hakukimbia; aligonga kwa nguvu zaidi. Zikakaribia. Uwanja ulikuwa mtupu, lakini vumbi lilitimka kwa safu mbele yake, na katikati ya safu palikuwa na pengo la mtu mmoja.