Waya wa Shaba Katika Chupa ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya gwaride, mimi na rafiki yangu Njoki tulikuwa tukinusa mafuta. Usicheke. Huo ulikuwa mradi wetu wa maonyesho ya sayansi mjini Nyeri, na shule yetu ya hapa Endarasha haikuwa imewahi kufika huko.

Tulikuwa na chupa tatu za mafuta ya alizeti. Ya kwanza haikutiwa kitu, ya pili ilikuwa na msumari wa chuma, na ya tatu ilikuwa na waya wa shaba niliouchomoa kwenye mota mbovu ya pampu ya maji. Shangazi yangu Judy, mtafiti wa chuo kikuu, ndiye aliyetupa wazo hilo. Alitueleza kwamba baadhi ya metali ni vichocheo: huharakisha hewa kuharibu mafuta bila zenyewe kuisha. Kompyuta yake ilikuwa imekadiria kwamba shaba ingeshinda chuma. Kazi yetu ilikuwa kunusa na kuandika ukweli.

Siku ya kumi na mbili, chupa ya msumari ilianza kunuka. Ya shaba, wapi! Ilinukia kama mafuta ya dukani. Niliogopa. Nani angetupeleka Nyeri na majibu yanayopingana na kompyuta? Njoki alinisihi tuandike tulivyoona, lakini nilivuta daftari upande wangu nikaandika kwamba shaba inanuka sana.

Ijumaa iliyofuata shangazi alikuja. Alisoma daftari, akafurahi, akanipongeza mbele ya Mwalimu Gatimu na darasa zima. Kisha akafungua chupa ya tatu, akainusa mara mbili.

"Peris," akasema polepole, "hii ndiyo inayonuka?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njoki alitazama viatu vyake, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana jina lake pia lilikuwa kwenye daftari. Nikakiri kwamba nilidanganya, tena peke yangu.

Shangazi hakunigombeza. Aliutoa waya, akaukwaruza kwa wembe, na utando mwembamba ukabanduka. Kumbe waya wa mota hupakwa vanishi, rangi ngumu ya kuzuia umeme usivuje! Mafuta yetu yalikuwa yakigusa vanishi tu, si shaba, siku zote hizo.

"Ungeandika ulichonusa, tungeligundua hili mapema," alisema. "Umeficha habari iliyokuwa muhimu kuliko zote."

Mwalimu Gatimu aliliondoa jina la shule kwenye maonyesho. Nililia. Tuliukwaruza waya wote, tukaanza upya na mafuta mapya, na safari hii chupa ya shaba ikawa ya kwanza kunuka. Nilisoma matokeo mbele ya darasa, pamoja na ukurasa wangu wa uongo. Hakuna aliyecheka, na aibu yangu ikazidi.

"Njia ya mwongo ni fupi," Mwalimu akasema. "Kompyuta ikikosea, tunaweza kuirekebisha. Lakini anayenusa akidanganya, Peris, sote tunabaki gizani."